Kuosha gari nyumbani Kampala: vumbi jekundu, jerikani tatu na mahali maji yanapoishia

Sehemu kubwa ya mikwaruzo midogo inayoonekana juu ya rangi ya gari, ile inayofanana na utando wa buibui jua la mchana linapoipiga, haitokani na ajali wala matawi ya barabarani. Hutokana na kuoshwa. Asubuhi baada ya asubuhi, askari wa lango au kijana wa nyumbani huchukua kitambaa kikavu na kupangusa vumbi la usiku kabla mwenye gari hajatoka kwenda kazini. Kazi hiyo hufanywa kwa nia njema, na gari hutoka getini likimeremeta; lakini kila mpanguso huacha alama, na alama hizo hujumlishana mwezi hadi mwezi mpaka rangi nyeusi inageuka kijivu na nyekundu inapauka kama kitambaa kilichoanikwa juani siku nyingi.

Hasara hiyo si ya urembo tu. Gari katika Uganda aghalabu hununuliwa likiwa limekwisha kutumika Japani, na mwenye nalo hutarajia kuliuza tena siku moja ili aongeze fedha na kupata jingine. Mwaka 2018, sheria ya usalama barabarani ilizuia kuingizwa nchini kwa magari yaliyozidi miaka 15 tangu kutengenezwa, kwa hiyo gari lililotunzwa vizuri lina thamani yake hapa hapa. Mnunuzi anayezunguka katika yadi za Nakawa huanza kwa macho: huinama kando ya mlango na kutazama jinsi mwanga unavyoteleza juu ya rangi. Kwa dereva wa teksi ya kukodi, ambaye gari ndilo shamba lake, mwonekano huo huo ndio unaomletea abiria wa hoteli au wa uwanja wa ndege.

Ipo pia hasara ya pili, isiyoonekana getini. Maji yanayotiririka kutoka kwenye gari linaloshwa hubeba sabuni, mafuta na vumbi la breki, na katika sehemu kubwa ya Kampala maji hayo hushuka kuelekea ghuba ile ile ambayo mji huu umetegemea kwa muda mrefu kwa maji yake ya kunywa.

Udongo wa moramu na rangi ya gari

Wakazi wa Kampala hawahitaji kuelezwa vumbi jekundu ni nini. Wekundu wake hutokana na chuma kilichoshika kutu ndani ya udongo, na wekundu huo ndio unaochafua mashati na mapazia. Kinachokwaruza gari, hata hivyo, ni chembe za mchanga zilizochanganyika na udongo huo. Madini yanayounda sehemu kubwa ya mchanga, yaitwayo kwatsi, ni magumu kuliko kioo. Kupangusa gari lenye vumbi la moramu kwa kitambaa kikavu, basi, ni sawa na kulipitishia msasa mwepesi, tofauti ikiwa tu kwamba msasa hununuliwa dukani.

Rangi ya gari la kisasa ina tabaka kadhaa. Chini kabisa ni rangi ya msingi inayoshikamana na bati na kulikinga dhidi ya kutu. Juu yake hupakwa rangi yenyewe. Na juu ya yote, katika magari mengi yaliyotengenezwa tangu miaka ya 1980, hupakwa tabaka angavu lisilo na rangi, ambalo ndilo linaloleta mng'ao. Tabaka hilo angavu huwa na unene wa mikroni 30 hadi 50 hivi. Karatasi ya kawaida ya kuandikia ina takriban mikroni 100. Maana yake ni kwamba mng'ao wote wa gari umo katika ngozi nyembamba kuliko nusu ya karatasi, au zaidi kidogo ya hapo, na ngozi hiyo haioti tena. Fundi anayeondoa mikwaruzo kwa mashine ya kung'arisha hupunguza tabaka lenyewe mpaka kina cha mkwaruzo kifikiwe. Anaweza kufanya hivyo mara chache, si kila mwaka.

Magari yaliyopakwa rangi upya katika gereji za mjini yanahitaji uangalifu zaidi. Rangi iliyokaushwa juani badala ya tanuri mara nyingi huwa laini kuliko ile ya kiwandani, na baadhi ya magari hayo hayakupakwa tabaka angavu hata kidogo. Dalili yake ni rahisi: kitambaa cheupe chenye maji kikisuguliwa polepole mahali pasipoonekana kikatoka na rangi ya gari, hakuna tabaka angavu hapo.

Jua nalo halisaidii. Kampala ipo karibu na ikweta, ambayo msafiri wa Masaka huivuka Kayabwe, na mji umekaa juu kiasi cha mita 1,200 kutoka usawa wa bahari. Miale inayopausha rangi ni mikali mwaka mzima, pasipo majira ya baridi ya kulipumzisha gari. Gari lililokwisha kukwaruzwa hupauka upesi zaidi, kwa kuwa tabaka linalolikinga limekwisha kupunguzwa.

Maji kiasi gani?

Mpira wa bustani ukitoa lita 12 kwa dakika na kuachwa wazi kwa robo saa, umemwaga lita 180, yaani jerikani tisa za lita 20. Katika mitaa ambako familia hununua maji kwa jerikani na kuyapandisha mlimani kwa baiskeli au kichwani, kiasi hicho ni maji ya nyumba nzima. Gari dogo linaweza kuoshwa vizuri kwa jerikani tatu, na gari kubwa la familia kwa nne au tano, ikiwa matope si ya kupindukia. Kinachotakiwa ni mpangilio wa kazi. Wingi wa maji hauwezi kufidia mkono mbaya.

Maji ya Shirika la Taifa la Maji na Majitaka, NWSC, yanayotoka ziwani, hayana madini mengi, na kwa sababu hiyo hayaachi madoa meupe mengi yakikauka juu ya rangi. Maji ya visima virefu ni jambo jingine. Mara nyingi yana chuma na chokaa zaidi, na tone likikauka juu ya boneti yenye joto huacha duara ambalo sabuni ya kawaida hailitoi. Anayetegemea kisima hana budi kulikausha gari kwa kitambaa mara tu baada ya kulisuuza.

Maji bora kuliko yote kwa kazi hii ni ya mvua, na Kampala inayapata kwa wingi, hasa kati ya Machi na Mei na tena kati ya Septemba na Novemba. Hesabu yake ni nyepesi: kila milimita moja ya mvua juu ya kila mita moja ya mraba ya paa hutoa lita moja. Paa la mabati lenye mita za mraba 50, likinyeshewa milimita 20 katika alasiri moja, linaweza kutoa karibu lita 1,000, ukitoa kiasi kidogo kinachomwagika au kufyonzwa. Maji ya kwanza kutoka paani yaachwe yapite, maana hubeba vumbi na kinyesi cha ndege. Yanayofuata hayana chokaa wala chuma cha kuacha doa, na hayalipiwi bili.

Kazi yenyewe

Gari huoshwa likiwa limepoa. Boneti iliyotoka barabarani, au iliyokaa juani tangu asubuhi, hukausha sabuni kabla haijasuuzwa, nayo sabuni iliyokauka huacha michirizi inayolazimu kusuguliwa, na kusugua ndiko kunakokwepwa. Wakati unaofaa ni kabla ya saa tatu asubuhi au baada ya saa kumi jioni. Kivuli cha ukuta au cha kibanda ni bora kuliko cha mti, kwani chini ya mwembe au mfenesi gari huchafuka upya kabla halijakauka.

Vifaa si vingi: ndoo mbili, glavu laini ya kuoshea au vitambaa laini vyenye manyoya mafupi, kitambaa kingine kikubwa cha kukaushia, brashi ya magurudumu, na sabuni. Anayetafuta vitambaa sokoni Owino miongoni mwa mivumba achague fulana za pamba zilizochakaa na taulo laini, kisha akate vifungo, zipu na maandishi ya plastiki yaliyochapwa kifuani. Sponji ya manjano inayouzwa kandokando ya barabara ina uso bapa. Chembe ya mchanga ikinaswa hapo haina pa kujificha, nayo huburutwa mlango mzima. Kitambaa chenye manyoya huimeza chembe hiyo mbali na rangi.

Kuhusu sabuni, desturi ya kutumia sabuni ya unga ya kufulia imeenea kwa sababu ipo katika kila nyumba. Sabuni hiyo imetengenezwa kuondoa mafuta katika nguo, na haichagui: huondoa pia nta inayolinda rangi, na kuikausha mipira ya madirisha. Ikitumika siku moja gari halitaharibika; ikitumika kila Jumamosi, rangi hubaki bila kinga. Shampuu ya gari hutumika kidogo sana, kifuniko kimoja au viwili kwa ndoo, kwa hiyo chupa moja hudumu miezi mingi na bei yake si kubwa kama inavyoonekana dukani.

Magurudumu huanza, na kitambaa chake kisiguse tena sehemu nyingine yoyote. Vumbi jeusi linaloganda katika rimu ni unga wa breki, wenye vipande vidogo vya chuma. Rimu yenye moto isimwagiwe maji baridi ghafla. Diski ya breki inaweza kupinda. Ndani ya madgadi ndimo moramu huganda kama saruji katika majira ya mvua, na humo hukaa na unyevu wiki nzima hadi bati lianze kula kutu. Jambo hili lina uzito zaidi kwa magari yaliyotumika kaskazini mwa Japani, ambako barabara humwagiwa chumvi wakati wa theluji: baadhi yake hufika Uganda yakiwa na kutu chini ambayo rangi nzuri ya juu inaificha.

Baada ya magurudumu, jerikani ya kwanza humwagwa yote juu ya gari bila kuligusa kwa kitambaa. Hatua hii ndiyo inayorukwa mara nyingi kuliko zote, nayo ndiyo yenye maana kuliko zote. Shabaha yake ni kuondoa mchanga kwa maji peke yake. Asiye na mpira wa maji atumie kopo la kumwagilia bustani, au kopo la plastiki la lita tano lililotobolewa matundu madogo chini; maji yakitoka kama mvua hushuka na vumbi polepole, ilhali yakimwagwa kwa beseni huruka na kupotea. Kazi ianzie paani, ishuke kwenye vioo, boneti na buti, imalizikie milangoni. Matope yaliyoganda yalowekwe dakika chache na kumwagiwa tena.

Jerikani ya pili hugawanywa katika ndoo mbili. Moja hutiwa shampuu, nyingine hubaki maji matupu. Kitambaa huchovywa katika povu, huoshea sehemu moja, kwa mfano nusu ya paa, kisha husuuzwa katika ndoo ya maji matupu kabla ya kurudi katika povu. Baada ya gari zima kuoshwa, atakayetazama chini ya ndoo ya pili ataona mchanga mwekundu uliotua hapo. Mchanga huo ungekuwa umerudishwa juu ya rangi. Mkono upite kwa mistari iliyonyooka, bila kukandamiza. Mizunguko ndiyo inayochora ule utando wa buibui. Sehemu ya chini ya milango na bampa ya nyuma, ambazo ndizo chafu kuliko zote, huoshwa mwisho kabisa. Kitambaa kikianguka chini, hakirudi kwenye gari.

Jerikani ya tatu ni ya kusuuza, tena kuanzia paani. Mashine ya kusukuma maji kwa nguvu, kwa mwenye nayo, isisogezwe karibu mno: umbali wa hatua moja unatosha kwa rangi, na kwa rangi iliyopakwa upya gereji uwe zaidi, la sivyo maji huingia chini ya ukingo uliochubuka na kuung'oa. Matundu madogo yaliyo chini ya kila mlango yachunguzwe. Yameachwa hapo ili maji yaliyoingia kupitia dirishani yatoke. Yakizibwa na matope, mlango hugeuka tangi na kuoza kutoka ndani. Majani yaliyojikusanya chini ya kioo cha mbele, karibu na waipa, nayo hutolewa kwa mkono kwa sababu iyo hiyo.

Kukausha ni kulaza kitambaa kikubwa juu ya bati na kukivuta polepole. Dereva kisha huliendesha gari mwendo mfupi akikanyaga breki mara mbili tatu, ili zikauke kabla hazijalazwa.

Injini ni bora isimwagiwe maji nyumbani. Nyaya na vihisi vya magari ya leo havipatani na ndoo.

Kaloli, senene na utomvu

Vitu vitatu huharibu rangi upesi kuliko vumbi, na vyote vitatu ni vya hapa hapa. Cha kwanza hutoka kwa korongo mfuko-shingo, ambaye Waganda humwita kaloli. Ndege huyu mkubwa, mwenye kichwa kisicho na manyoya, hujenga viota katika miti mikubwa katikati ya mji na kujilisha majalalani. Hata miguu yake, ambayo kwa asili ni ya kijivu, huonekana myeupe kwa kuwa hujinyea ili kujipoza joto. Kinyesi chake kina asidi, na juani huanza kuila rangi katika muda wa saa chache, kikiacha alama iliyozama. Kukikwangua kikiwa kikavu ni kosa jingine, maana huwa kimebeba vipande vigumu vya alivyokula. Karatasi ya chooni iliyoloweshwa hulazwa juu yake kwa dakika tano au kumi, kisha uchafu wote huinuliwa pamoja na karatasi, bila kusugua. Dereva anayeegesha chini ya viota kila siku afadhali atembee hatua mia moja zaidi.

Senene, ambao msimu wao mkubwa huwa Novemba, hupendeza kikaangoni kuliko kwenye bampa. Gari linalorudi usiku kutoka Masaka hukusanya wadudu kwa mamia mbele, na upande wa Entebbe huongezeka wale wadudu wadogo wa ziwani wanaopaa juu ya maji kama nguzo za moshi. Miili iliyopasuka hutoa majimaji yanayoganda kama gundi na kuichoma rangi ikiachwa siku kadhaa. Taulo lenye maji ya vuguvugu na shampuu hulazwa juu ya bampa hadi yalainike. Utomvu wa mfenesi ni mgumu kuliko yote hayo. Sabuni haiushindi, mafuta kidogo ya kupikia, yakipakwa kwa kidole na kuachwa kidogo, huulainisha, kisha sehemu hiyo huoshwa kwa shampuu mafuta yasibaki na kukusanya vumbi.

Nta, taa na matairi

Nta haiongezi unene wa rangi na haifuti mikwaruzo. Hutandaza ngozi ya pili ambayo vumbi na kinyesi hukutana nayo kwanza. Iliyo maarufu kuliko zote hutoka katika majani ya mnazi wa karnauba, mti wa kaskazini mashariki mwa Brazili, ambao huyafunika majani yake kwa nta ili yasipoteze maji katika ukame. Kwa Kampala, ambako mvua na jua hupokezana siku moja, kuipaka kila baada ya miezi miwili au mitatu kunatosha. Kipimo ni maji yenyewe: yakidundika juu ya boneti kama shanga, nta ingalipo, yakitandaa kama shuka, imekwisha. Hupakwa kivulini juu ya gari safi na kavu, kidogo kidogo, na kufutwa ikishapauka. Kuipaka juu ya gari lenye vumbi ni kulisaga vumbi hilo ndani.

Taa za mbele zilizogeuka manjano ni plastiki iliyounguzwa na jua. Dawa ya meno huzing'arisha kwa wiki chache, kwa sababu ina unga mwepesi wa kusugua, lakini huondoa pia kinga iliyosalia, na manjano hurudi upesi zaidi. Fundi akizisugua kwa msasa laini na kuzipaka upya tabaka la kinga, hudumu.

Kuhusu matairi, ipo desturi ya kuyapaka dizeli yameremete, na hata kuinyunyiza chini ya gari zima. Mng'ao huo hudumu mpaka vumbi la kwanza, ambalo hunata vizuri zaidi kuliko awali. Dizeli hulainisha na kuvimbisha mpira, pamoja na mipira inayoshikilia miguu ya gari, na inayobaki hudondoka ardhini. Mpira wa tairi hautaki zaidi ya maji, sabuni na brashi.

Maji yanapoishia

Mfereji wa Nakivubo hukusanya maji ya katikati ya mji, hupita pembeni mwa masoko na eneo la viwanda, na kumimina katika kinamasi kinachofungukia Ghuba ya Murchison ya Ziwa Victoria. Kilomita chache tu kusini ya hapo, kandokando ya ghuba hiyo hiyo, ndipo zilipo pampu za Ggaba. Kinamasi kilikuwa chujio la mji, lakini kimepunguzwa na mashamba ya viazi vikuu na majengo. Maji ya ghuba yamekuwa ya kijani kwa mwani unaostawi kwa mbolea ya majitaka na fosfeti, na kuyasafisha kumegharimu dawa nyingi zaidi kadiri miaka ilivyopita. Hali hiyo ilikuwa mojawapo ya sababu za kujengwa kwa mtambo mpya Katosi, wilayani Mukono, mbali na ghuba. Wakazi wa Bwaise, Kawempe na Nansana wako upande mwingine wa vilima: maji yao huingia kinamasi cha Lubigi na kuelekea kaskazini, hadi mto Kafu.

Gari moja halichafui ziwa. Hata hivyo, kila tone la mafuta na kila kijiko cha sabuni ya unga hupitia mfereji ule ule. Sheria ya Taifa ya Mazingira ya mwaka 2019 inakataza uchafuzi unaovuka viwango vilivyowekwa, na vituo vya kuoshea magari vilivyojibanza kando ya mifereji na vinamasi vimekuwa vikiondolewa na mamlaka mara kwa mara. Mwenye kuosha nyumbani hafuatwi na mtu. Mpangilio wa ua wake ndio unaoamua.

Mahali pazuri pa kuoshea ni juu ya nyasi au changarawe, ambapo maji huzama na udongo hukamata mafuta na matope. Ua wa saruji unaoteremka moja kwa moja hadi mfereji wa mtaa ndio mbaya kuliko wote, na ikiwa hakuna mahali pengine, maji yaelekezwe bustanini kwa tuta dogo la udongo. Mipaka ipo: pasiwe karibu na kisima wala chemchemi. Mabondeni mwa Kampala familia nyingi bado huchota maji katika chemchemi zilizojengewa, na kinachozama mlimani hutokea huko.

Gari linalovuja mafuta, au lililojaa grisi chini, halifai kuoshwa nyumbani hata kidogo. Linahitaji kituo chenye sakafu ya saruji na shimo la kutenganisha mafuta na maji, na mteja ana haki ya kuuliza shimo hilo liko wapi kabla ya kukabidhi ufunguo. Vitambaa vilivyopangusia mafuta hukusanywa kando na kutupwa pamoja na taka, wala havifuliwi katika beseni la nyumbani. Maji ya povu yaliyobaki ndooni hayamwagwi juu ya mboga. Mtaro wa nyasi au shina la mti mkubwa huyastahimili yakiwa ya shampuu kidogo. Nayo matope mekundu yaliyotua chini ya ndoo ya pili huchotwa kwa koleo na kurudishwa bustanini, maana yakiingia mferejini hutua huko pia, na mfereji uliojaa moramu ndio unaofurika kwanza mvua ya Aprili inapoanza.